SOMO: Kuzing'oa Programu za Matangazo katika Kompyuta ya Chama

Kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, kama vile mizani na leja vilivyo vyombo vya kazi. Ndani yake mna orodha ya wanachama, kilo walizoleta ghalani, pembejeo walizokopeshwa, madai yao, barua za Chama Kikuu na, katika vyama vinavyotumia huduma ya benki kwa njia ya intaneti, mlango wa kuingilia katika akaunti yenyewe. Mizani ikiharibika, wanachama hupiga kelele siku ileile, kwa kuwa kila mmoja anauona mshale. Kompyuta ikiharibika kwa namna itakayoelezwa katika somo hili hakuna apigaye kelele. Katibu huzoea, akasema mashine imezeeka, akaendelea na kazi.

Dalili zenyewe si ngumu kutambua. Katibu anafungua kivinjari ili asome barua pepe, na badala ya ukurasa aliouzoea unatokea ukurasa mwingine wa kutafutia habari ambao hakuuweka yeye. Anabofya mahali pamoja, yanafunguka madirisha matatu: la kwanza mchezo wa kubahatisha, la pili dawa ya kupunguza unene, la tatu onyo la rangi nyekundu kwamba kompyuta ina virusi vitano na hapana budi apige simu mara moja. Kwenye pembe ya chini ya kioo vinachomoza vijisanduku vya matangazo hata katibu anapokuwa anaandika barua tu. Mashine inakuwa nzito, na bando la intaneti lililonunuliwa litoshe wiki nzima linakwisha siku ya tatu.

Hizo ndizo programu za matangazo. Watu wengi huziita virusi, lakini kuna tofauti ambayo yafaa ieleweke, maana ndiyo ufunguo wa somo lote. Virusi hujinakili na kuenea chenyewe bila kumwuliza mtu. Programu ya matangazo aghalabu huingia kwa idhini ya mwenye kompyuta, ingawa ni idhini aliyoitoa bila kusoma alichokuwa akikikubali. Mtengenezaji wake hulipwa kila tangazo linapoonekana, linapobofywa, au kila programu yake inapoingizwa katika mashine mpya. Malipo ya tangazo moja ni senti chache, kwa hiyo faida hupatikana kwa kuingia katika mashine nyingi na kwa kufanya kila njia ili isitolewe. Mwaka 2006 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki kampuni moja ya aina hii, iitwayo Zango, kwa kuingiza programu zake katika kompyuta za watu bila idhini ya haki na kwa kuzifanya ziwe ngumu kuondoa. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3. Biashara yenyewe haikukoma, bali ilibadili majina.

Katibu anaweza kuuliza: kama ni matangazo tu, hasara yake ni nini zaidi ya usumbufu na bando? Jibu la swali hilo limo katika kisa cha kompyuta za Lenovo, nacho chastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mtu anapofungua ukurasa wa benki, maneno yanayopita baina ya kompyuta yake na benki hufumbwa ili mtu wa katikati asiweze kuyasoma. Ndiyo maana ya alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana karibu na anwani ya ukurasa. Lakini kufumba maneno hakutoshi. Kompyuta lazima kwanza ijue kwamba anayezungumza nayo ni benki kweli, wala si mwizi aliyejifanya benki. Hujua kwa kutazama cheti. Makatibu wanaufahamu utaratibu huu kwa njia nyingine: hundi ya chama ikifika benki, karani huitazama sahihi, kisha hufungua kadi yenye mifano ya sahihi za viongozi waliothibitishwa na mkutano, akalinganisha. Kompyuta nayo ina sanduku lake la kadi. Cheti kikilingana na kadi mojawapo, hukubaliwa. Kisipolingana, kompyuta hutoa onyo.

Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza kompyuta za mkononi ambazo ndani yake iliwekwa, tangu kiwandani, programu ya matangazo ya kampuni iliyoitwa Superfish. Kazi yake ilikuwa kutazama bidhaa ambazo mnunuzi anazitafuta kwenye intaneti na kumwekea mbele picha za bidhaa zinazofanana nazo. Ili iweze kupenyeza matangazo hata katika kurasa zilizofumbwa, programu hiyo ilijitia katikati ya kompyuta na ukurasa uliofunguliwa. Na ili kompyuta isitoe onyo, ilifanya jambo moja baya zaidi: iliongeza kadi yake yenyewe katika sanduku la kadi za sahihi zinazoaminiwa. Tangu hapo kila cheti kilichotolewa na Superfish kilikubaliwa, hata kama kilidai kuwa ni cha benki.

Ubaya haukuishia hapo. Ufunguo wa siri wa kutengenezea vyeti hivyo ulikuwa mmoja katika kompyuta zote, na ulikuwamo ndani ya kila kompyuta iliyouzwa. Mwezi Februari 2015 mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Marekani, Robert Graham, aliutoa ufunguo huo na kulipata neno la siri lililoulinda. Lilikuwa "komodia", yaani jina la kampuni iliyotengeneza kipande hicho cha programu. Maana yake ni kwamba tangu siku ile mwizi yeyote mwenye ujuzi, akiwa katika intaneti moja na mwenye kompyuta ya namna hiyo, tuseme katika nyumba ya wageni au mgahawa, angeweza kujifanya benki, naye mwenye kompyuta angeona alama ya kufuli kama kawaida.

Kulikuwa na jambo la tatu. Waliosikia habari wakaiondoa programu kwa njia ya kawaida waliona matangazo yamekoma, wakaridhika. Kumbe cheti kilibaki ndani ya sanduku. Programu ilikwisha kutoka, na mlango ukabaki wazi. Ilibidi Lenovo itoe chombo maalumu cha kukiondoa cheti, na Microsoft nayo ikaielekeza programu yake ya kinga ifanye vivyo hivyo. Mwaka 2017 Lenovo ilifikia mapatano na ile Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na majimbo 32, ikalipa majimbo hayo dola milioni 3.5.

Kisa hiki kinafundisha kwamba programu iliyoletwa kwa ajili ya matangazo ya viatu na mikoba inaweza kuuvunja ulinzi wa akaunti ya benki, hata kama mtengenezaji wake hakukusudia kuiba. Kinafundisha pia kwamba matangazo yakikoma si lazima shina liwe limetoka. Tena, kompyuta inayotoka dukani katika boksi lake si lazima iwe safi. Kwa chama kinachoshika fedha za watu mia tatu au mia nne waliokesha na miche yao, mambo hayo yanatosha kuliondoa neno "usumbufu tu" katika mazungumzo.

Namna zinavyoingia

Njia kubwa kuliko zote katika ofisi ndogo ni programu za wizi. Kompyuta inanunuliwa ikiwa imetumika, au mpya bila programu ya kuandikia barua na kutengeneza majedwali. Fundi wa mtaani anaitwa. Anakuja na flashi yake, anaweka programu zote zinazotakiwa kwa malipo madogo, na ili zikubali kufanya kazi bila leseni anaweka pia kijiprogramu cha kuvunja kufuli ya leseni. Ili kijiprogramu hicho kifanye kazi, kwanza fundi huizima programu ya kinga ya virusi. Jambo hilo lisipite bila kutafakariwa. Mtu anaizima kengele ya hatari ili aingize kitu alichokitoa asikokujua, kilichotengenezwa na watu wasiolipwa na yeyote. Watu hao hawafanyi kazi kwa sadaka. Aghalabu malipo yao yamo ndani ya kitu chenyewe, nayo ni programu za matangazo, au wezi wa maneno ya siri, au vyote viwili. Fundi mwenyewe huenda hana nia mbaya wala hajui, lakini kutojua kwake hakumkingi mwanachama.

Wala hapana haja ya kufika huko. LibreOffice hutolewa bure kwa haki, tena kwa njia halali, na huandika barua, hutengeneza majedwali na kufungua faili nyingi zinazoletwa na Chama Kikuu au na wakaguzi. Chama kisichomudu leseni na kiitumie hiyo.

Njia ya pili ni kuandamana. Mtu anatafuta programu ya bure, kwa mfano ya kusomea faili za PDF, anaipakua na kuiingiza. Wakati wa kuiingiza hutokea kurasa za maswali, na katika moja yao pana kisanduku ambacho tayari kimetiwa alama: "nakubali pia kuwekewa programu fulani". Mwenye haraka hubofya "Next" mara tano mfululizo, na programu tatu zinaingia mahali pa moja. Zamani hata mahali palipoheshimika palifanya hivi. Mwezi Desemba 2011 Gordon Lyon, mtunzi wa programu iitwayo Nmap, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com ilikuwa ikiifunga programu yake pamoja na kiingizio kilichopachika vitu vingine katika kompyuta za watu, bila ridhaa yake. Programu ya Java nayo kwa miaka kadhaa iliandamana na utepe wa kutafutia habari wa kampuni ya Ask. Kwa sababu hiyo, programu yoyote na ichukuliwe kwa mtungaji wake mwenyewe, na katika kuiingiza achaguliwe mwendo ulioandikwa "Custom" au "Advanced" badala ya ule wa haraka, maana ni katika ule wa kwanza ndimo visanduku vilivyofichwa huonekana.

Hatari ya kupotea njia ipo hata kwa anayemtafuta mtungaji mwenyewe. Mtu akiandika jina la programu katika ukurasa wa kutafutia, majibu ya kwanza huweza kuwa matangazo yaliyolipiwa, na wadanganyifu hununua nafasi hizo. Yapo yaliyoandikwa neno "Sponsored" au "Ad". Hayo yarukwe. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya udanganyifu huu na kuwashauri watu watumie nyongeza ya kuzuia matangazo katika vivinjari vyao. Shauri hilo latosha kuonyesha uzito wa jambo.

Njia ya mwisho ni nyepesi, nayo si programu kabisa. Ukurasa fulani wa habari au wa mpira huomba ruhusa ya kutuma arifa, kukiwa na vitufe viwili, "Allow" na "Block". Pengine huongeza uongo kwamba lazima ubofye "Allow" ndipo video ionekane. Aliyekubali ameruhusu matangazo yachomoze katika kioo chake kila siku, hata ukurasa ule ukiwa umefungwa.

Namna ya kuzitoa

Kazi hii ifanywe siku isiyo na malipo, na mtu asiye na haraka. Tangu dalili zilipoonekana mpaka kazi iishe, akaunti ya benki isifunguliwe katika kompyuta hiyo. Kwanza zitolewe nakala za faili za chama, yaani barua, majedwali na hati, ziwekwe katika diski ya nje. Zinakiliwe faili za kazi peke yake, wala isinakiliwe programu yoyote. Kadhalika na liwekwe daftari kando, na kila kinachoondolewa kiandikwe humo pamoja na tarehe. Katibu aliyezoea hati za malipo hataona taabu, na daftari hilo litamfaa sana fundi iwapo ataitwa baadaye.

Kuanza na arifa ni busara, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa wote uko hapo na hapana kingine. Katika Chrome hufunguliwa "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Hapo huonekana orodha ya kurasa zilizoruhusiwa. Zote ambazo katibu hazijui ziondolewe. Vivinjari vya Edge na Firefox vina mahali kama hapo. Ikiwa vijisanduku vimekoma na hakuna dalili nyingine, kazi imekwisha kwa dakika tano, na hakuna fundi aliyelipwa.

Dalili zikibaki, orodha ya programu ndiyo ifuatayo. Katika Windows 11 hupatikana kwa "Settings", "Apps", "Installed apps". Orodha hii ipangwe kwa tarehe ya kuingizwa, kisha zitazamwe zile zilizoingia karibu na siku matatizo yalipoanza. Utepe wa kutafutia, "kisafishaji" cha kompyuta, "kiongeza kasi", "mpata bei nafuu", na mwongoza hali ya hewa ambaye hakuna aliyemwomba, hao ndio washukiwa wa kawaida. Lakini tahadhari: katibu asiondoe kila jina asilolijua. Majina kama Intel, Realtek na Microsoft Visual C++ ni ya vipande ambavyo mashine yenyewe au programu nyingine huvihitaji, na kuvitoa ni kuivunja mashine. Lisilojulikana liandikwe katika daftari na kuulizwa kwanza. Tena programu hizi zina ujanja wakati wa kuondoka. Huuliza "una hakika hutaki kubaki na ulinzi wako?" na kitufe kikubwa cha rangi ndicho cha kubaki, kile cha kuondoka kikiwa maandishi madogo ya kijivu. Yasomwe maneno yote kabla ya kubofya.

Ndipo ifuate zamu ya kivinjari. Zifunguliwe nyongeza zake, mahali palipoandikwa "Extensions", na zile zisizojulikana ziondolewe. Iwapo nyongeza haina kitufe cha kuitoa, au kivinjari kinasema "Managed by your organization" ilhali chama hakijawahi kuweka utaratibu wowote wa namna hiyo, basi programu fulani imejipa madaraka ya meneja, na hilo ni kazi ya kisafishaji kitakachotajwa mbele. Baada ya nyongeza, kivinjari kirudishwe katika hali yake ya mwanzo kwa "Reset settings". Katika Firefox huitwa "Refresh Firefox". Katika Chrome, tendo hili hurudisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia, na huzima nyongeza zote, lakini halifuti kurasa zilizowekewa alama wala maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Mahali watu wengi wanaposhindwa ni hapa: ikiwa kivinjari kimeunganishwa na akaunti ya Google inayotumika pia katika kompyuta nyingine, nyongeza mbaya iliyobaki kule hurudi huku yenyewe. Kwa hiyo zisafishwe zote mbili, au muungano huo uzimwe kwanza.

Baada ya kuondoa kwa mkono, mashine ipekuliwe. Windows ina kinga yake, iitwayo Microsoft Defender, isiyohitaji malipo. Uchaguliwe upekuzi kamili, "Full scan", ambao huweza kuchukua saa kadhaa, kisha ule uitwao "Microsoft Defender Offline scan", ambao huiwasha mashine upya na kupekua kabla programu nyingine hazijaamka, jambo ambalo ni la faida kwa kuwa mwizi aliyelala hawezi kujificha. Baada ya hapo itumike AdwCleaner, programu ya bure iliyotungwa hasa kwa kazi hii, ambayo tangu mwaka 2016 ni mali ya kampuni ya Malwarebytes na hupakuliwa katika tovuti ya kampuni hiyo. Viwili hivi vyatosha. Asije katibu, kwa bidii, akakusanya visafishaji sita kutoka kurasa mbalimbali, kwani vingi vinavyojiita visafishaji ndivyo programu za matangazo zenyewe zilizovaa kanzu nyeupe. Na ile namba ya simu inayotokea katika onyo jekundu isipigwe kamwe. Anayepokea ataomba aruhusiwe kuingia katika kompyuta kwa mbali, na akishaingia hatafuti virusi.

Yapo maficho matatu yanayobaki kutazamwa. La kwanza ni alama ya kivinjari iliyoko juu ya kioo. Ikibofywa kwa kitufe cha kulia na kufunguliwa "Properties", katika mstari wa "Target" maneno yaishe kwa jina la programu. Yakifuatiwa na anwani ya tovuti, anwani hiyo ifutwe. La pili ni orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine, ambayo hupatikana katika "Task Manager" chini ya "Startup". La tatu ni "Proxy", katika mipangilio ya mtandao. Programu nyingine za matangazo hupitisha mawasiliano yote katika mlango wao, na zinapotolewa mlango unabaki ukielekea ukutani, ndipo katibu anashangaa kuona mashine safi isiyo na intaneti. Mlango huo ukizimwa intaneti hurudi.

Mwisho wa kazi maneno ya siri yote yabadilishwe, ya benki na ya barua pepe yakiwa ya kwanza. Yabadilishwe kwa kutumia chombo kingine kilicho safi, au katika kompyuta hii baada tu ya kuhakikishwa.

Ikiwa matangazo yanarudi baada ya siku mbili tatu, au ikiwa inajulikana kwamba kijiprogramu cha kuvunja leseni kiliwahi kuingizwa, hapana haja ya kuendelea kubembelezana. Mashine ifutwe yote na Windows iwekwe upya kutoka katika flashi iliyotengenezwa kwa chombo cha Microsoft wenyewe, kisha zirudishwe faili za kazi peke yake. Ni kazi ya siku moja. Vyama vingi huiogopa siku hiyo, vikakubali kuishi na mashine mbovu msimu mzima. Hesabu hiyo haina mantiki.

Ulinzi wa kila siku

Kompyuta ya Windows yaweza kuwa na akaunti za namna mbili: ya msimamizi, iwezayo kuingiza programu, na ya mtumiaji wa kawaida, ambayo kwa programu nyingi haiwezi mpaka litiwe neno la siri la msimamizi. Katika ofisi nyingi kila mtu hutumia ile ya msimamizi, tena bila neno la siri, jambo ambalo ni sawa na kuacha mhuri wa chama mezani. Kazi za kila siku zifanywe katika akaunti ya kawaida. Neno la siri la msimamizi likae kwa mtu mmoja aliyeteuliwa na Bodi, na nakala yake iwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha. Kwa mpango huo mdogo, mwana wa jirani aliyekuja "kuchapa barua moja tu" itamwia vigumu zaidi kuacha kumbukumbu isiyotakiwa.

Defender nayo ina kinga ya pekee dhidi ya programu zisizotakiwa. Hufunguliwa katika "Windows Security", "App & browser control", mahali pa "Reputation-based protection", ambapo "Potentially unwanted app blocking" na iwe imewashwa. Masahihisho ya Windows yasiahirishwe kwa kuogopa bando. Na ikumbukwe kwamba msaada wa kawaida wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chama chenye mashine ya namna hiyo kiulize kama inakubali Windows 11. Isipokubali, isitumike tena kwa mambo ya benki.

Zaidi ya mashine, liko suala la utaratibu. Uamuzi wa nani aingize programu, kutoka wapi, na kwa idhini ya nani, uandikwe katika muhtasari wa kikao cha Bodi kama yanavyoandikwa mambo ya watia sahihi. Malipo ya benki kwa intaneti yawe ya watu wawili, mmoja kuandaa na mwingine kuidhinisha, kila mmoja kwa chombo chake, ili mashine moja ikichafuka fedha isitoke. Na Tanzania, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya habari za watu anawajibika kuzilinda. Majina, namba za simu na akaunti za wanachama zilizomo katika kompyuta ya chama ni habari za namna hiyo hasa. Kwa hiyo mwanachama ana haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu kompyuta inalindwaje, kama anavyouliza juu ya mizani.

Maswali ya kikundi cha kujifunza

1. Katika kompyuta ya chama chenu, ni nani aliyeingiza programu ya mwisho, lini, na ilitoka wapi? Je, jambo hilo limeandikwa popote?

2. Fundi anasema lazima kinga ya virusi izimwe kwanza ndipo programu yake ikubali. Katibu amjibu nini, na programu gani halali ingeweza kufanya kazi hiyohiyo?

3. Katika kisa cha Superfish, kwa nini kuondoa programu peke yake hakukutosha? Elezeni kwa kutumia mfano wa kadi ya sahihi.

4. Matangazo yamekoma baada ya kusafisha arifa, lakini malipo ya wanachama ni kesho. Je, akaunti ya benki ifunguliwe katika kompyuta hiyo? Toeni sababu za kila upande.